Chungu cha mtu mmoja na hesabu ya ruzuku

Karani wa dodoso akifika mlangoni huuliza: hapa mnakula chungu kimoja watu wangapi? Swali jepesi, na wengi hulijibu kwa haraka. Chukua bibi wa Ngamiani, hapa Tanga, aliyepanga chumba chake mwenyewe. Mchana anajipikia, jioni jirani humletea sahani ya wali imefunikwa kawa. Karani akija, jirani huyohuyo, kwa wema wake, husema, "Bibi ni wa kwetu." Basi bibi keshamezwa na kaya ya watu sita, na kaya yake ya mtu mmoja haimo kwenye karatasi.

Sahani ya jirani ni ujirani tu. Anayelala kwake, anayejipikia na kujilipia kodi ni kaya, hata akiwa peke yake.

Jambo hili lina uzito kwa sababu ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, hufuata kaya. Katika awamu ya kwanza ya mpango wa kunusuru kaya maskini, msingi ulikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya, zikilipwa kila baada ya miezi miwili, na juu yake nyongeza za watoto wa kliniki na wa shule. Sina ugomvi na nyongeza hizo. Ila asiye na mtoto ndani alibaki na msingi mtupu, na ajira za muda za mpango huo, kama kuchimba mitaro, zilitaka mgongo wenye nguvu. Viwango vimebadilika tangu awamu ya pili izinduliwe Februari 2020, lakini hesabu bado huanzia kwenye kaya.

Tena kuishi peke yako ni ghali. Chungu cha mtu mmoja hakiivi kwa robo ya mkaa unaoivisha cha watu wanne, na mwenye nyumba hapunguzi kodi kwa kuwa umefiwa na mume.

Marekani wamepitia njia hiyohiyo. Mwaka 1940 kaya za mtu mmoja zilikuwa kama asilimia 8 ya kaya zote. Kufikia 2020 zilikaribia asilimia 28. Msaada wao wa fedha kwa familia, ulioanza 1935 na kubadilishwa 1996, ulifungwa kwa watoto, kwa hiyo mtu mzima asiye na mtoto hakuhusika. Wazee, wasioona na wenye ulemavu wasio na kipato walipata mfuko wao Januari 1974: dola 140 kwa mtu mmoja, 210 kwa mke na mume. Tazama hapo: wawili hawakupewa mara mbili, walipewa mara moja na nusu. Aliyepanga viwango hivyo alijua gharama za chungu kidogo.

Jirani zetu wa Zanzibar walifuata mtu. Tangu Aprili 2016 mwenye miaka 70 hupata pensheni jamii, kwanza shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye 50,000, awe na wajukuu kumi au awe na paka tu.

Huku kwetu wapo wazee ambao ningependa watazamwe mapema: waliokuja ujanani kukata mkonge wakiitwa manamba, wengine kutoka nje ya nchi, bei ikaanguka, kambi zikabaki nao. Wengi hawana ukoo hapa wa kuwasemea kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, na majina ya kaya maskini huanzia kutajwa hapo.

Kwa hiyo ukimjua mmoja, mpeleke mkutanoni, na jina lake litajwe kama kaya yake mwenyewe. Achague mwakilishi anayemwamini wa kumpokelea siku ambayo miguu imegoma. Na namba ya simu ya malipo iwe yake. Laini ya mjukuu wa jirani huondoka na mjukuu akihamia Dar es Salaam, fedha zikaingia kwa mtu asiyejua hata ni za nani.