Namba ya chini ya presha inatoka wapi?

Juzi kliniki nilimpima mama mmoja wa miaka 67. Kipimo kikasoma 168 kwa 68. Akaniuliza, "Mwanangu, ya juu najua imepanda. Lakini hiyo ya chini si nzuri? Na kwani inapima nini?" Foleni ilikuwa imefika mlangoni, nikamjibu kwa sentensi mbili ambazo hazikumtosha. Swali lake lilistahili zaidi ya hapo.

Ya juu haina utata. Moyo ukijikaza, chemba ya chini ya kushoto, ambayo sisi huiita ventrikali, husukuma kama mililita 70 za damu ndani ya aota, mshipa mkubwa kuliko yote mwilini. Kwa mtu mzima mwenye afya, presha mshipani hupanda hadi karibu milimita 120 za zebaki. Kazi hiyo si ndogo, ndiyo maana ukuta wa ventrikali ya kushoto una unene wa karibu sentimita 1, wakati ule wa kulia, unaopeleka damu mapafuni pale jirani, haufiki nusu yake.

Kisha moyo hulegea. Hapa ndipo penye fumbo, na mimi lilinikaa kichwani tangu siku za uanafunzi. Ventrikali ikilegea, presha ndani yake huporomoka hadi karibu na sifuri. Lakini wakati huohuo mshipa wa mkononi bado unasoma 80. Pampu imelegea, na damu bado inasonga. Inasukumwa na nani?

Inasukumwa na aota yenyewe. Wengi wetu tulifundishwa kuifikiria mishipa kama mabomba ya maji, na picha hiyo inapotosha, kwa sababu bomba la chuma halitanuki. Ukuta wa aota umejaa nyuzi za elastini, protini inayovutika na kurudi kama mpira, zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Moyo unapojikaza, sehemu ya damu husonga mbele moja kwa moja, na sehemu nyingine hubaki pale ikiutanua ukuta, kama mtoto anavyovuta mpira wa manati. Moyo ukilegea, vali ya aota yenye vijani vitatu vyembamba hujifunga ili damu isirudi ilikotoka. Mlio wa pili ninaousikia kwenye stethoskopu ndio huo. Mpira sasa unarudi, na damu inaendelea kwenda kwenye figo, kwenye ubongo, hadi vidoleni. Namba ya chini ni presha iliyobaki kabla tu ya pigo linalofuata.

Kasisi Mwingereza Stephen Hales aliiona namba hiyo kabla ya kuwepo kipimo chochote cha mkononi. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1733 alieleza jinsi alivyounganisha mrija mrefu wa kioo na mshipa wa farasi jike. Damu ilipanda mrijani zaidi ya futi 8, kisha ikawa inacheza juu na chini inchi chache tu kwa kila pigo. Haikuanguka hadi chini pigo lilipokwisha. Kitu kilikuwa kinaishikilia.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa kila mwenye presha alijue. Moyo hauli damu inayopita ndani ya chemba zake. Una mishipa yake, ateri za koronari, zinazochipuka kwenye aota juu kidogo ya vali ile niliyoitaja. Ventrikali ya kushoto inapojikaza, msuli wake huibana mishipa inayopita ndani yake, kwa hiyo msuli huo hupata sehemu kubwa ya damu yake moyo ukiwa umelegea. Kwa mapigo 75 kwa dakika, kila pigo huchukua sekunde 0.8: takriban 0.3 za kujikaza na 0.5 za kulegea. Moyo ukienda mbio, muda unaoliwa zaidi ni ule wa kulegea, yaani muda wake wa kula. Na msuli huu hata ukiwa umetulia hufyonza karibu asilimia 70 ya oksijeni iliyomo kwenye damu unayopewa. Ukihitaji zaidi, lazima uletewe damu zaidi. Kinachoisukuma damu hiyo ni presha ya chini.

Sasa nirudi kwa yule mama wa kliniki. Elastini nyingi ya aota tuliwekewa utotoni, na ikichakaa hairudishwi vizuri. Moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku, kwa hiyo aota yake imevutwa na kuachiwa zaidi ya mara bilioni 2. Nyuzi hukatika, mahali pake hujengwa kolajeni iliyo ngumu, chokaa nayo hujikusanya. Presha ya muda mrefu, kisukari na sigara huharakisha yote hayo. Aota ngumu haitanuki, ndiyo maana ya juu inapaa. Haina pia cha kurudisha, ndiyo maana ya chini inashuka. Kwa hiyo ile 68 haikuwa nusu ya afya. Ni ugonjwa uleule, umesomwa upande wa pili. Kati ya namba zake mbili pana pengo la 100, wakati kwa kijana mwenye afya huwa kama 40. Moyo wake unasukuma kwa nguvu zaidi huku ukilishwa kwa presha ndogo zaidi.

Linaloniumiza ni kwamba mtaani tumezoea kusema "presha ya kupanda" na "presha ya kushuka" kama magonjwa mawili. Nimeshaona watu walioacha dawa kwa sababu ya chini ilisoma 65, wakaamini sasa wana ya kushuka. Tafadhali, kabla hujaacha, njoo tuzitazame namba zote mbili pamoja.

Mama atarudi mwezi ujao. Nimeshapata kwa fundi baiskeli vipande viwili vya tyubu, kimoja kipya, kingine kimekaa juani hadi kikakakamaa. Nitampa avivute vyote kwa mkono wake.