Kukodi masafa ya redio: mpangaji hununua nini hasa?

Pemba tumezoea kuona mtu akikodi mikarafuu kwa msimu: anachuma, anaanika, na mikarafuu inabaki kwa mwenyewe. Kazi yangu ni kupanga mitandao ya redio, na mfano huo huutumia kila ninapoeleza soko la leseni za masafa, ingawa kuna mahali haufai.

Mwaka 2020, tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilinadi leseni 22,631 katika megahezi 3,550 hadi 3,650, yaani leseni saba kwa kila kaunti, kila moja ya megahezi 10 na ya miaka 10. Kanuni za mwaka 2015 zilikusudia maeneo madogo zaidi na miaka mitatu tu. Mwaka 2018 zikabadilishwa. Kwa kuwa kiwanda au hospitali haihitaji kaunti nzima, mwenye leseni huruhusiwa kukata kipande na kukiuza au kukikodisha.

Sasa, masafa ya leseni yasiyotumika huwa wazi kwa wengine bila leseni, mradi vifaa vyao viidhinishwe na mfumo wa kompyuta unaogawa masafa. Kwa nini basi mtu alipe kodi? Kwa sababu anachonunua ni kinga: mfumo huo humwondoa asiye na leseni anayemwingilia, ijapokuwa mpangaji mwenyewe lazima azipishe rada za jeshi la wanamaji. Hoteli ya Nungwi inayotaka intaneti ya wageni ingeweza kuishi bila kinga hiyo. Bandari ya Malindi ya Unguja, ikiamua kuongoza winchi za makontena kwa redio, isingeweza hata kidogo, na kwake kodi ingekuwa na maana.

Posta na simu ni mambo ya Muungano, hivyo masafa ya Unguja na Pemba yako chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Iwapo soko la namna hii litafunguliwa kwetu, ningetaka kukodisha kutangulie kuuza, ili kosa la kupima mipaka ya eneo lirekebishike mkataba unapokwisha.

Na makosa ya kipimo yatakuwapo. Mkarafuu hausogei, lakini tabaka za hewa juu ya bahari huweza kulipinda wimbi la redio likavuka upeo wa macho. Kwa hiyo mkataba wa visiwani hauna budi kutaja nguvu ya mawimbi inayoruhusiwa kufika mpakani, si ramani peke yake.