Banauti kwa wanaohudumia wagonjwa: ni kitu gani hasa

Banauti ni ile hali ya kuishiwa kabisa sababu ya kazi, na inawapata sana watu ambao kazi yao ni kuangalia watu wengine, yaani manesi, wahudumu wa wodini, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, hata wadada wanaoajiriwa majumbani kutunza wazee. Sio uchovu wa kawaida. Uchovu wa kawaida unalala siku ya off unaamka uko poa, ila hii unalala kutwa nzima na ukiwaza tu zamu ya usiku tumbo linavuruga.

Aliyeitangaza ni mwanasaikolojia Herbert Freudenberger mwaka 1974, aliiona kwa watu waliokuwa wanajitolea kwenye kliniki ya bure kule New York, na yeye mwenyewe ilimpata. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya, inaitwa ICD-11, halijaiita ugonjwa, limeiweka kama hali inayotokana na stresi ya kazini ya muda mrefu ambayo haijashughulikiwa. Dalili ni tatu: nguvu zinaisha, moyo unajitenga na kazi, halafu unaona unachofanya hakina faida yoyote.

Hiyo ya pili ndo ya kuiangalia. Mtu alikuwa anaingia wodini na "shikamoo bibi, leo uji umeshuka?", baada ya muda utamsikia "yule kiharusi wa kitanda cha mwisho ashabadilishwa?" na ndugu wakiuliza kitu anajibu bila kuwatazama. Watu wanasema nesi ana roho mbaya. Wengine wanayo kweli, sikatai, lakini wengi walianza kazi wakiwa na huruma kuliko mimi na wewe.

Sasa chukua dada anayelala ndani kwa watu hapa Mtwara mjini, anamtunza babu aliyepooza. Babu inabidi ageuzwe kila baada ya masaa mawili, usiku na mchana, asipate vidonda vya mgongo, sasa huyo dada analala saa ngapi? Asubuhi kufua mashuka, kumlisha, kumuogesha, halafu watoto wa babu wako Dar wanapiga simu kuuliza kwa nini baba amekonda, na mshahara wanamwambia subiri korosho ziuzwe. Ukimwambia mtu huyo apumue taratibu na anywe maji mengi unamtania tu. Anachohitaji ni mtu wa kumpokea usiku, hata mjukuu, hata siku mbili kwa wiki.

Ndo maana naona kinga kubwa iko kwenye mpangilio wa kazi kuliko kwenye moyo wa mtu. Na sheria ya ajira ya 2004 iko wazi, masaa ya kawaida hayazidi 45 kwa wiki, kuna mapumziko ya masaa 24 mfululizo kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, ila wangapi wanaidai. Kwa upande wako wewe unayehudumia, usibebe zamu za wenzako mfululizo kisa unaona aibu kukataa, na mgonjwa uliyemzoea akifariki msipite tu kwenda kitanda kingine, kaeni hata dakika kumi na wenzako wa zamu mumuongelee. Simu za ndugu za saa sita usiku mpe mtu mwingine azipokee.

Likizo inasaidia, ila ukirudi kwenye zamu zilezile na upungufu uleule wa watu, usishangae hali ikarudi.

Usichanganye na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Banauti mara nyingi inaanzia kazini, ukienda ngomani kwa watu bado unacheka, sonona inakufuata mpaka ngomani. Ila moja inaweza kuvuta nyingine, kwa hiyo ukiona hata nyumbani hakuna kinachokufurahisha kwa wiki mbili au unawaza bora ufe, hapo usisubiri, nenda hospitali kama Ligula hapa Mtwara, au Sokoine kwa walioko Lindi, useme hivohivo ulivyo, usiseme kichwa kinauma.