Mzee si samaki

Atakayeleta tena "samaki mkunje angali mbichi", eti mzee hafundishiki, kwenye kikao cha kupanga mafunzo ya wazee ya kuendesha vikao vya kikundi, aje kwanza akae kiti cha nyuma ukumbini, hapa Moshi, mwezi wa nne, mvua ikipiga bati. Atatoka hajaambulia kitu, na hana hata miaka arobaini.

Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba: s, f, t, ch. Irabu zinabaki. Mzee anasikia kabisa kwamba unaongea, ila "saba" na "haba" zinamfikia kama neno moja. Mwezeshaji naye anafanyaje? Anapiga kelele! Kelele inakuza irabu, ambazo mzee alikuwa anazisikia tangu mwanzo. Spika ya kukodi yenye mwangwi ndiyo inaharibu zaidi. Punguza watu wawe kumi na tano, wakae nusu duara, simama hatua mbili mbele yao uso wako ukiwa kwenye mwanga, usipe dirisha mgongo. Sentensi fupi, kisha nyamaza. Na acheni kuuliza "Mmeelewa?" Mzee mwenye adabu zake atajibu ndiyo. Mwambie akuelekeze yeye.

Mengine ni ya haraka: maandishi ya pointi 16 kwenda juu, viti vyenye mikono, mapumziko kila dakika 45 (baadhi ya dawa za presha zinapeleka chooni), chai isicheleweshwe kwa wenye sukari. Anza saa nne, ng'ombe wakishapata majani. Siku tatu mfululizo hazifai; gawa, muda wa saa mbili kila wiki, na uulize la wiki iliyopita kabla hujalirudia.

Kinachowapa shida kweli ni uenyekiti. Aliyezoea kumaliza mashauri ya ukoo hufungua kikao kwa hukumu, wenzake wanaitikia, na kazi inakosa mwenyewe. Kwenye igizo la kikao, mwenyekiti asitoe maoni mpaka watatu wameshasema. Azimio la "tutatembelea wagonjwa" lirudisheni. Nani? Nyumba zipi za juu ya mfereji? Jumanne au lini?

Wanawake huwa nawaanzishia kikundi chao kwanza, na humo wanaendesha vikao barabara. Wakichanganywa na mashemeji, baadhi wananyamaza tena. Nina mashaka kwamba huko kuwatenga kunawazoesha kusema wakiwa peke yao tu, ila kuwaweka pamoja tangu siku ya kwanza kunawanyamazisha wengi zaidi.