"Haijaeditiwa" sio jibu la swali nililouliza

Jana tena kwenye grupu la mtaa, hapa Dar. Mtu katuma picha, barabara imejaa maji mpaka usawa wa madirisha ya magari, chini kaandika "Jangwani asubuhi hii, msipite". Namuuliza kaitoa wapi, ananijibu, "Kaka hii ni orijino, haijaeditiwa, wewe zoom tu uone." Jamani. Mimi nahakiki picha kwenye chumba cha habari na hilo jibu limenichosha, sijauliza kama imeeditiwa, nimeuliza ya wapi na ya lini!

Picha nyingi za uongo zinazonifikia hazijaguswa na mtu. Ni picha halali, uongo uko kwenye maneno iliyobandikwa. Mwaka 2015 baada ya tetemeko la Nepal ilisambaa picha ya mtoto kamkumbatia mdogo wake, watu wakaambiwa ni yatima wa tetemeko, wengine wakaanza hata kutafuta michango. Mpiga picha, Na Son Nguyen, akajitokeza kusema aliipiga yeye mwaka 2007 Ha Giang, kaskazini mwa Vietnam, watoto walikuwa wanacheza nje, wazazi wako shamba, yule mdogo akaogopa mgeni akalia. Picha orijino kabisa, na hakuna tetemeko.

Ya kuedit yana zana zake, siyasemei leo. Taarifa za ndani za faili, yaani tarehe na mahali picha ilipopigwa, usizitegemee, WhatsApp inaziondoa ukituma kama picha ya kawaida. Mimi naanza na vitu vidogo: namba za magari, vibao vya maduka, magari yanapita upande gani. Mafuriko ya Bujumbura ukiambiwa ni Dar, angalia barabara, Burundi wanapita kulia sisi kushoto. Ila usukani usikudanganye, kule magari mengi yametoka Japani na usukani uko kulia kama wetu, kwa hiyo tazama gari liko upande gani wa barabara, sio dereva kakaa wapi. Na hapo pia uwe mwangalifu maana mtu akiigeuza picha kama kwenye kioo kushoto inakuwa kulia, ndio maana natafuta maandishi kwanza, yakisomeka kinyumenyume ujue imegeuzwa.

Halafu kuna wa "nimeitafuta Google haikuleta kitu, kwa hiyo ni mpya". Hapana. Maana yake Google haijaiona, basi. Picha inaweza kukaa kwenye simu ya mtu miaka minne ndio itoke leo.

Lakini wanaoniudhi kuliko wote ni hawa: "Hata kama ni ya zamani, si mvua inanyesha kweli? Ujumbe si ule ule?" Sio ule ule. Kuna mtu yuko Mwanza, mama yake anaishi bondeni Kigogo, anaona picha anapiga simu haipokelewi, hebu fikiria hiyo saa yake. Kuna dereva anazunguka njia ndefu na mgonjwa ndani ya gari. Na wiki ijayo maji yakija kweli, watu wanasema "aah, ile ile ya kila mwaka", wanalala. Hiyo ndiyo inanitisha zaidi.

Nakubali kuna sehemu hata mimi nasitasita. Onyo likiwa la kweli, kumwambia mtu asubiri nihakiki kunaweza kuchelewesha watu kutoka. Hapo nashauri atume onyo kwa maneno, aseme kaliona mwenyewe au kaambiwa na nani, picha aiache. Hata zile picha tunazozigonga muhuri mwekundu wa UONGO sina hakika zinasaidia kiasi gani, maana mtu anaikumbuka picha, muhuri anausahau.

Ukigundua uliyotuma sio yenyewe usiifute kimyakimya. Ukifuta kwa wote inaondoka kwenye lile grupu, kopi ambazo watu wameshaforwadi kwingine zinabaki. Andika palepale: ile picha ya saa mbili sio ya leo, mlioipeleka kwingine kasemeni na huko.