Bluu ya Titian katika “Bacchus na Ariadne”

Wageni wakisimama mbele ya picha hii pale National Gallery, London, kwa kawaida huuliza hadithi yake kwanza. Mimi kazi yangu ni kuhifadhi picha za rangi za mafuta, kwa hiyo jicho langu hukimbilia bluu. Bluu ndiyo iliyobeba hadithi yote.

Hadithi yenyewe ni fupi. Ariadne, binti mfalme wa Krete, alimsaidia Theseus, shujaa wa Athens, kumuua Minotaur, jitu nusu mtu nusu fahali, akatoroka na Theseus, kisha akaamka kisiwani Naxos akakuta bwana amekwisha tweka tanga. Hapo ndipo alipotokea Bacchus, mungu wa mvinyo, na msafara wake wa walevi, akampenda papo hapo. Titian, mchoraji wa Venice, aliitoa kwa washairi wa Kirumi, Catullus na Ovid.

Sasa vuta mstari kutoka pembe ya chini kushoto hadi pembe ya juu kulia. Juu ya mstari huo ni mbingu, bahari na Ariadne katika vazi lake la bluu. Chini yake, upande wa kulia, ni kahawia na kijani: miti, miili, matari, matoazi, mtu aliyejifunga nyoka. Bacchus ameruka kutoka kwenye gari lake linalokokotwa na wanyama, na hajatua bado, joho lake jekundu linapepea nyuma yake, na ndiye peke yake anayevuka kutoka nusu moja kwenda nyingine. Ariadne mkono wake bado unaelekea baharini, iliko jahazi ya Theseus, ndogo mno, lakini kichwa kimeshageuka. Juu yake pana duara la nyota: taji ambalo Bacchus atamrushia mbinguni.

Bluu hiyo ilitoka Badakhshan, Afghanistan, kwenye jiwe la lapis lazuli, ikafika Venice kwa njia za biashara. Kuisaga peke yake hakutoshi, utapata unga wa kijivujivu tu. Unga ulikandwa ndani ya donge la nta, utomvu na mafuta, kisha donge likakamuliwa ndani ya maji ya majivu. Chembe za bluu zikashuka chini, takataka zikabaki kwenye donge. Kama ilivyo kwa tui, mkamuo wa kwanza ndio bora. Bei yake ilishindana na dhahabu, na Titian aliimwaga bila huruma, kwa kuwa mlipaji alikuwa Alfonso I d'Este, mtawala wa Ferrara. Alfonso alikuwa amemtaka mchoraji Raphael amchoree msafara wa Bacchus, lakini Raphael akafariki mwaka 1520. Titian akaikamilisha picha hii mwaka 1523, akaweka jina lake kwenye chombo kilicholala juu ya kitambaa cha njano.

Wanyama wanaovuta gari, nisije nikasahau, ni duma. Ovid alitaja chui milia. Watawala wa Italia enzi hizo walifuga duma kwa ajili ya kuwindia, kwa hiyo mnyama huyu hakuwa ndoto kwa watu wa kasri.

Turubai iliteseka. Ilikunjwa na kusafirishwa, rangi ikaanza kubanduka, na kila kizazi cha mafundi kikaongeza viraka na vanishi, hadi mbingu ikawa kama chai ya rangi. Usafi mkubwa ulifanyika mwishoni mwa miaka ya 1960, na bluu ilipotokea watu wengi walikasirika: eti rangi zinapiga kelele, eti picha imepoteza utulivu wake. Mimi nipo upande wa waliosafisha. Utulivu uliokuwa ukililiwa ulikuwa wa vanishi iliyozeeka. Hata hivyo, sehemu za mbingu unayoiona leo ni kazi ya wahifadhi waliojaza mapengo, hivyo usipime mkono wa Titian hapo. Mpime kwenye vazi la Ariadne na mshipi wake mwekundu.

Picha hii haikuchorwa ining'inie peke yake. Ilikaa katika chumba kimoja na nyingine za Alfonso, mpaka akina Este walipopoteza Ferrara mwaka 1598. National Gallery iliinunua mwaka 1826. Kati ya zile zilizokuwa nayo chumbani, “Karamu ya Miungu” ya mchoraji Bellini iko Washington, na mbili nyingine za Titian ziko jumba la makumbusho la Prado, Madrid.