Si kila kaboni ya nano hupitisha umeme vizuri

Wengi huamini kwamba kwa kuwa grafini, yaani tabaka la kaboni lenye unene wa atomi moja, hupitisha umeme vizuri sana, basi fulerini, yaani molekuli za kaboni zilizo tupu ndani, nazo ni vivyo hivyo. Sivyo. Zote ni kaboni, ila mpangilio wa atomi ndio unaoamua tabia.

Chukua C60, fulerini ya atomi 60 yenye umbo la mpira wa miguu, iliyogunduliwa mwaka 1985 na Kroto, Curl, Smalley na wanafunzi wao. Ndani ya fuwele yake, molekuli hushikana kwa nguvu hafifu tu, hivyo elektroni huhama kwa shida. Lakini ukitia potasiamu, atomi tatu kwa kila molekuli, mambo hugeuka kabisa: ikipozwa hadi takriban nyuzijoto 255 chini ya sifuri, ukinzani wa umeme hutoweka. Hilo lilionekana mwaka 1991, na hadi leo linanisisimua.

Na polima yake, yaani molekuli nyingi za C60 zilizounganishwa pamoja? Mwanga mkali au shinikizo kubwa huziunganisha molekuli kwa bondi imara, kiasi kwamba haziyeyuki tena katika toluini, kimiminika kinachoyeyusha C60 ya kawaida. Hata hivyo, polima hiyo ikiwa safi haipitishi umeme kama waya.

Hata mirija ya kaboni, iliyo kama grafini iliyoviringishwa, hutofautiana: kutegemea ilivyoviringishwa, mingine hupitisha umeme kama metali, mingine ni nusu-kipitishi, yaani hupitisha umeme kwa kiasi tu, kama silikoni.